Tufupishe kwa vidole, si kwenye orodha

Mgeni akiingia katika kitivo chetu na kusoma matangazo yaliyobandikwa ukutani, atadhani tunaandikiana kwa siri. TFC, TP, CT, P.O., Ass., L1. Kila mmoja wetu anajua maana yake, au anadhani anajua. Chukua L1 peke yake. Kwa kaka na dada zetu waliosoma chini ya mfumo wa zamani, L1 ulikuwa mwaka wa nne, yaani mwaka wa kwanza wa lisansi baada ya miaka mitatu ya graduat. Tangu mfumo wa LMD uingie, L1 ni mwaka wa kwanza kabisa. Na mwalimu wa isimu akiandika L1 ubaoni, anamaanisha lugha ya kwanza ya mtu. Herufi moja na tarakimu moja, maana tatu, ndani ya jengo moja.

Sina ugomvi na vifupisho kwa jumla. Mwanafunzi wa lugha za Kiafrika akivichukia vifupisho, atafute kazi nyingine. Tangu Bleek na Meinhof tunaziita ngeli kwa namba, na tangu kitabu cha Guthrie cha 1948 tunazijua lugha zetu wenyewe kwa herufi na namba: L33 ni Kiluba cha Katanga, M42 ni Kibemba, G42 ni Kiswahili. Ukimwambia mwanaisimu «L33», kichwani mwake linafunguka jina zima, na pengine na ramani. Hicho ni kifupisho kizuri, kwa kuwa kuna kitabu kinachokifungua.

Ugomvi wangu ni na mahali pamoja tu: orodha zetu za kazi. Nasema juu ya ile faili, au ule ukurasa wa daftari, unaoeleza nani atarekodi nini, rekodi ipi imenukuliwa, ipi bado, toni zipi zinatakiwa kuhakikiwa, sura gani ya TFC inasubiri mwalimu. Kila kikundi cha utafiti kina orodha ya namna hiyo. Na karibu zote nilizoziona zimeandikwa kwa Kifaransa kilichokatwakatwa: «transcr. enr. 3, vérif. tons N cl. 9/10». Tuko katika idara ya lugha za Kiafrika, tunafanya kazi juu ya Kisanga, Kiluba au Kiswahili cha Lubumbashi, lakini lugha tunayotumia kupangia kazi hiyo ni Kifaransa, na Kifaransa chenyewe hakikukamilika.

Ukimuuliza mwenzako kwa nini, jibu ni moja: ni haraka. Nalikubali jibu hilo kwa nusu. Mtu mwenye kazi thelathini za kuandika kabla umeme haujakatika hana nafasi ya kuandika sentensi nzima. Lakini tujiulize haraka hiyo analipa nani.

Kuna mzee anayetusaidia kunukuu rekodi za Kisanga. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, anasoma Kiswahili bila shida, na masikio yake yanasikia toni ambazo sisi tunazitafuta kwa programu. Siku moja nilimpa simu aangalie mwenyewe kazi zilizobaki ili achague za kuanza nazo. Alitazama mistari miwili, mitatu, akanirudishia simu: «Mwanangu, hii ni karatasi ya daktari.» Hakuwa anatania sana. Yule anayeijua lugha kuliko sisi sote ndiye pekee asiyeweza kusoma orodha ya kazi inayohusu lugha yake.

Msomaji wa pili anayelipa ni yule atakayekuja baada yetu. Katika orodha tuliyorithi kutoka kwa kikundi kilichotangulia kuna mstari unaosema «loc. 2 à revoir». Kwa mwanaisimu, loc. inaweza kuwa msemaji, inaweza kuwa ngeli za mahali, inaweza kuwa kijiji. Aliyeandika amekwisha kumaliza masomo na namba yake ya simu haipatikani. Tukisikiliza rekodi tunakuta mambo yote matatu yanawezekana: msemaji wa pili ana sehemu zisizosikika, ngeli ya 17 inafanya vituko, na kijiji cha pili hakina jina kwenye fomu. Msemaji mwenyewe amefariki. Herufi chache alizookoa mwenzetu siku ile, hakuna wa kuzirudisha.

Hapa ndipo ninapotaka tutenganishe vitu viwili ambavyo tunaviita kwa jina moja. Kuna kifupisho kinachobaki kwenye ukurasa, na kuna kifupisho kinachokufa mara tu kinapozaliwa. Cha kwanza ni «loc.»: mwandishi anaandika kidogo, halafu kila msomaji, leo na miaka kumi ijayo, anafanya kazi ya kukifungua. Cha pili kinaishi katika kihariri cha matini. Unabonyeza herufi tatu na nafasi, kompyuta inaandika neno zima, na faili inabaki na neno zima. Vidole vimefupisha na ukurasa haukufupishwa. Mwandishi anabeba mzigo wa kukumbuka, msomaji habebi kitu.

Kwa wasiovizoea, kihariri ninachosema si programu ya kupambia barua. Ni programu ya matini tupu, bila rangi wala ukubwa wa herufi, kama Vim au Emacs, inayofanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu na isiyohitaji mega hata moja. Vim wengine mtaijua kwa maneno yanayotokea ukiifungua bila faili: inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991 na kuitunza hadi kifo chake mwaka 2023, hakuiuza. Aliomba tu atakayeipenda achangie kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda. Ni jirani zetu, kwa hiyo nalitaja.

Katika Vim, kifupisho ni mstari mmoja ndani ya faili ya mipangilio:

iabbrev rkd rekodi

Baada ya hapo kila ukiandika rkd na kubonyeza nafasi, nukta au mkato, linatokea rekodi. Unaweza hata kuiagiza iandike tarehe ya leo kila ukiandika trh, na hilo peke yake linaondoa ugonjwa wa orodha zetu zisizo na tarehe. Ukitaka mpangilio, kuna ule wa todo.txt, ambao ni mwepisi kuliko maelezo yake: mstari mmoja kwa kazi moja, umuhimu kwa herufi kubwa ndani ya mabano mwanzoni, alama ya kujumlisha mbele ya jina la mradi, alama ya @ mbele ya mahali au mtu, na herufi x mwanzoni kazi ikiisha. Faili hiyo unaweza kuisoma kwenye simu ya aina yoyote, kuichapa, kumpelekea mzee kwa flashi.

Mpaka hapo nimesema yale ambayo mwanafunzi wa informatiki angeyasema vizuri zaidi. Sasa nifike kwenye sababu ya kuliandika hili katika jarida la kitivo cha lugha.

Vifupisho hivi vilibuniwa na watu ambao katika lugha zao neno linasimama peke yake. Kihariri kinakifungua kifupisho pale tu kinapokuwa neno kamili, lenye nafasi mbele na nafasi nyuma. Mfaransa akiandika orodha anatumia kitenzi-jina: transcrire, vérifier, traduire. Neno limesimama, halibadiliki, linafupishika. Sisi nasi tumeiga, tunaandika kunukuu, kuhakiki, kutafsiri, na orodha inapita. Lakini tazama kilichopotea. «Kuhakiki toni za nomino.» Nani ahakiki? Kitenzi-jina hakina mtendaji. Katika kazi ya kikundi, mstari usio na mtendaji ni mstari ambao wiki ijayo utakuwa palepale, na kila mtu atasema alidhani ni wa mwenzake.

Kiswahili hakikutuacha hivyo. Kina hali tegemezi, na hali tegemezi inabeba nafsi mgongoni: nihakiki, tuhakiki, ahakiki, mhakiki. Herufi moja au mbili mwanzoni zinasema kazi ni ya nani. Na ikiisha, unabadilisha mwanzo tu: tumehakiki. Naona hiyo ndiyo sarufi ya orodha ya kazi, na si Kiswahili tu. Kiluba, Kibemba na Kisanga navyo vina njia yao ya kufanya jambo hilohilo kwa viambishi. Kitenzi-jina tulikiazima pamoja na daftari la shule.

Ila ukitaka kuandika tuhakiki kwa kifupisho, unagonga ukuta. Ukiweka hkk kuwa hakiki, halafu ukaandika tuhkk, kihariri hakioni kitu. Kwake tuhkk ni neno jingine lisilojulikana. Kingetaka ukiandikie orodha ya nihkk, tuhkk, ahkk, mhkk, wahkk, kwa kila kitenzi, na tena kwa kila njeo. Hakuna mtu atakayefanya hivyo.

Hili ni somo la mwaka wa kwanza kuhusu mgawanyo wa maneno, limevaa nguo nyingine. Mtswana anashukuru kwa kuandika ke a leboga, maneno matatu. Mzulu anashukuru kwa kuandika ngiyabonga, neno moja. Ukivichambua, muundo ni uleule: nafsi ya kwanza, kiambishi cha wakati uliopo, shina la kushukuru. Tofauti ni ya tahajia. Waandishi wa Kitswana walizoea kutenganisha. Kwa Kizulu, Clement Doke alitetea kuunganisha, na hoja zake zikashinda. Sisi wa Kiswahili tunaunganisha. Tulipokuwa tukisoma mjadala huo nilidhani ni ugomvi wa wazee wa maktaba. Kumbe kihariri cha matini kinaufufua kila siku: kingemhudumia Mtswana bila shida, kwa kuwa leboga yake imesimama peke yake, na sisi kingetuacha mlangoni na viambishi vyetu mkononi.

Wengi wanaofika hapo wanarudi kwenye Kifaransa na kusema lugha zetu hazifai kwa kompyuta. Ni maneno nisiyoweza kuyavumilia kutoka kwa mtu mwenye cheti cha isimu ya Kibantu, kwa sababu mlango upo, na uko wazi kwa yule tu anayejua kutofautisha kiambishi na shina.

Katika Vim, kifupisho kinachoanza na alama isiyo herufi na kuishia na herufi moja kina sheria tofauti: kinakubali kugusana na herufi zilizotangulia. Ukiandika

iabbrev ;h hakiki

basi tu;h inakuwa tuhakiki, a;h inakuwa ahakiki, tume;h inakuwa tumehakiki, tusi;h inakuwa tusihakiki. Nukta-mkato nimeichagua kwa kuwa kwenye kibodi zetu za AZERTY unaibonyeza moja kwa moja, bila kushika kitufe cha herufi kubwa. Emacs inafanya uzuri zaidi. Unaandika kiambishi, unabonyeza Alt pamoja na alama ya ritifaa, inajitokeza kistari kidogo, kisha unaandika kifupisho cha shina. Kikifunguka, kistari kinaondoka. Yaani tu-hkk inakuwa tuhakiki. Kile kistari ni kilekile tunachokitumia tukichambua mofimu ubaoni. Aliyekiweka alikuwa akifikiria viambishi vya Kiingereza, lakini hakuna watu wanaokihitaji kama sisi.

Kuna mipaka, na mipaka hiyo nayo ni sarufi. Kifupisho hakifunguki mpaka ubonyeze kitu kisicho herufi, kwa hiyo huwezi kuongeza kitu nyuma ya shina: tuhakikishe haipatikani kutoka ;h, wala ihakikiwe. Juu ya ihakikiwe sisikitiki, kwa kuwa kutendwa ndiko kunakomficha mtendaji, na tumekwisha kuteseka naye. Halafu kuna irabu ya mwisho. Vitenzi vya Kibantu vinageuka: andika, tuandike. Lakini katika orodha ya kazi hali ni moja, hivyo unaweza kuamua kwamba ;a ni andike na kwamba ;;a, yenye alama mbili, ni andika, kwa ajili ya tumeandika. Na hapa kuna zawadi ambayo sikuitarajia. Vitenzi vingi vya kazi yetu ya chuo ni vya kuazima: rekodi, nukuu, tafsiri, hakiki, hariri, sajili, jibu. Hivyo havigeuki mwisho. Tutafsiri, tumetafsiri, kutafsiri, umbo ni moja, na kifupisho kimoja kinatosha. Wale wanaolalamika kwamba maneno ya kigeni yanaharibu utaratibu wa lugha, hapa yamewarahisishia.

Zawadi ya pili iko katika silabi. Shida kubwa ya kifupisho cha namna hii ni kugongana na neno la kweli. Mfaransa akifanya sec kuwa section, siku atakapotaka kusema kitu ni kikavu ataandikiwa sehemu ya kitabu. Kiswahili kinamalizia maneno yake kwa irabu. Basi kila mfuatano wa herufi unaoishia na konsonanti ni mali huru: nkk, tfs, hrr, sjl, hakuna hata kimoja kitakachokuwa neno la Kiswahili. Tuna maelfu ya vifupisho visivyo na mwenyewe. Walimu wa Kiarabu watacheka wakiona kwamba hrr na sjl ni mizizi ya Kiarabu imerudi nyumbani bila kualikwa, na kwamba hkk nayo ingekuwa hivyo kama qaf isingegeuka kaf njiani.

Sheria hiyo ina mitego miwili. Wa kwanza ni sisi wenyewe: tunachanganya Kifaransa katikati ya sentensi, na Kifaransa kinamalizia kwa konsonanti kikitaka. Wa pili ni ng'. Mtu akiweka ng kuwa ngeli, jambo ambalo mwanafunzi wa Kibantu atalitamani siku ya kwanza, asishangae akiandika ng'ombe na kupata ngeli'ombe. Kihariri kinaiona ritifaa kuwa ni mwisho wa neno. Kwa hiyo ngl, si ng.

Nasikia tayari wanaosema: mwenzetu anapoteza kurasa za jarida kwa jambo la sekunde mbili. Na wengi wetu hatuna kompyuta, tuna simu. Kuhusu simu, jibu ni fupi. Simu nyingi za Android zina kamusi ya binafsi mahali pa lugha na kibodi, na iPhone ina nafasi ya kubadilisha matini; unaandika neno zima na kifupisho chake, na simu inakupa neno. Haziwezi kushika viambishi kama Vim, lakini sentensi nzima zinazojirudia zinaziweza. LibreOffice nayo ina matini ya kujaza kwa kitufe cha F3. Kuhusu sekunde mbili, nakubali. Kama faida ingekuwa sekunde tu, nisingeandika. Faida ni kwamba kisingizio cha haraka kinaondoka. Kuhakiki toni za nomino ni mibonyezo 23 ukiandika yote; t-u-;-h, nafasi, na vifupisho viwili vya herufi tatu vitakupa kazi hiyohiyo, pamoja na mtendaji, kwa mibonyezo michache kuliko ile «vérif. tons N». Kiswahili kamili kikiwa kifupi kwa vidole kuliko Kifaransa kilichokatwa, sijui tutamwambia nini tena yule mzee.

Jambo zito zaidi liko upande wa kulia wa mstari, yaani neno litakalotokea. Faili ya vifupisho ikisema wtt ni watoto, kila atakayebonyeza atapata watoto, hata yule ambaye mdomoni ana batoto tangu kuzaliwa. Kifupisho hakiulizi. Kinasanifisha kimyakimya, na kinafanya hivyo kwa kasi. Katika orodha ya kazi sioni ubaya: tumezoea kuandika Kiswahili cha vitabu tukiwa kazini, na mzee anakisoma. Lakini faili hiyohiyo ikiwa wazi wakati unanukuu mazungumzo ya soko la Kenya au la Katuba, hatari ni kubwa. Msemaji amesema batoto, tena amesema tutoto, vidole vimezoea wtt, na data imekuwa ya mtu mwingine. Hakuna mhakiki atakayegundua, kwa kuwa neno lililoandikwa ni Kiswahili safi.

Johannes Fabian, alipochapisha mwaka 1990 ule Msamiati wa Mji wa Elisabethville ulioandikwa mwaka 1965, aliacha tahajia na mgawanyo wa maneno kama vilivyokuwa katika nakala, navyo havifuati kitabu chochote cha sarufi. Kwa sababu hiyo tunaweza kuusoma leo kama ushahidi wa jinsi watu wa hapa walivyoisikia lugha yao. Mashine ya taipu ya wakati ule haikuwa na vifupisho vya kujifungua. Ya kwetu inavyo. Hivyo nasema kwa msisitizo: vifupisho viishi kwenye orodha, visiingie kwenye data. Vihariri vyote viwili vinaruhusu. Emacs inaweka jedwali la vifupisho kwa kila aina ya faili, na Vim ina neno <buffer> linalokifunga kifupisho ndani ya faili moja tu. Faili za kunukulia zibaki bila kitu.

Ninachokiomba idara si fedha. Naomba faili moja ya pamoja ya vifupisho, itunzwe na maabara ya lugha, itolewe kwa kila kikundi siku ile kinapopewa mada, na irekebishwe mara moja kwa mwaka kama tunavyorekebisha mtaala. Upande wa kulia uwe na safu moja kwa kila lugha ambayo kikundi kinaifanyia kazi. Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na hatuna sababu ya kuanza na moja na kuziahidi nyingine kesho. Kwa Tshiluba na Kiluba faili hiyo itafanya na kazi ya toni: kibodi ya AZERTY inatupa é, è, à na ù, lakini haina kitufe cha á, na wengi wetu tunaacha alama ya toni kwa uvivu wa kuitafuta. Katika Vim ni Ctrl-K, kisha a, kisha ritifaa. Na walimu wanaosimamia kazi wakubali kupokea orodha iliyoandikwa kwa lugha inayochunguzwa au kwa Kiswahili, bila kuirudisha itafsiriwe Kifaransa kwanza.

Kikundi chetu kimeanza na faili ndogo, imo kwenye flashi ya maabara kwa anayeitaka. Shina nyingi tumekubaliana. Tulibishana siku nzima kama tuandike toni au kidatu, toni ikashinda kwa kuwa mzee ndiyo anayoitumia. Iliyobaki ni ;t. Baada ya alama inaruhusiwa herufi moja tu, na nusu yetu wanataka iwe tafsiri, nusu wanataka tafute.